Abiria Asiyefunga Mkanda

Hukuntsi
4 Agosti 2016

Kwa Mkuu wa Waranti,
Gereji ya Marula, Gaborone

Dumela Rra, au dumela Mma,

Sijui barua hii itasomwa na mwanamume au mwanamke, kwa hiyo nawasalimu wote wawili. Nimeandika kwa sababu simu yenu imenishinda. Kila nikipiga, mwanamke mwenye sauti nzuri ananiambia nibonyeze moja, nibonyeze tatu, halafu ananiacha na muziki. Mimi si mtu wa kupigiwa muziki mwaka huu. Nimefiwa na mume. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ambaye nilimfundisha kusoma, kwa hiyo ataifikisha.

Gari ni pikapu nyeupe ya milango minne mliyotuuzia nyinyi wenyewe. Nikizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa zote za dashibodi huwaka kwa pamoja: kile kibuyu cha mafuta chenye tone, betri, injini ya rangi ya chungwa, na yule mtu aliyepakata mpira. Mnazijua. Halafu zinazimika zote isipokuwa moja. Ni ile nyekundu ya mtu aliyekaa na kamba kifuani, na ni ya upande wa abiria. Kitabu chenu kinasema maana yake abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Hakuna abiria wa mbele. Nimeangalia.

Waranti yetu inakwisha tarehe thelathini Septemba, lakini hiyo siyo haraka yangu. Tarehe ishirini na nne mwezi huohuo watu wanakuja kumposa binti yangu Warona, na taa hii isipozimika, mimi mama yake sitaruhusiwa kukaa hapo. Kwa nini iwe hivyo ni mambo ya nyumbani kwetu, hayahusu gereji. Nawaomba tu mniambie inazimwaje.

Wenu,
Boitshepo Seikaneng

*

Gereji ya Marula, Gaborone
11 Agosti 2016

Mma Seikaneng,

YAH: TAA YA MKANDA WA ABIRIA

Barua yako imepokelewa. Pole kwa msiba uliokupata.

Kwa kawaida, taa hiyo ikiwaka na kiti kikiwa kitupu, gari linaamini kuna mtu. Ili tujue kosa liko wapi, tafadhali jibu yafuatayo. Je, kuna begi au mzigo wowote unaowekwa kwenye kiti hicho? Je, kuna mtoto aliyekirukia? Je, kuna chai, soda, maziwa au kimiminika kingine kilichomwagika juu yake? Waranti inalipia kosa la kiwandani. Hailipii kilichomwagika.

Pia naomba ufanye jaribio dogo. Funga mkanda wa abiria juu ya kiti kitupu, uone kama taa itazimika. Usiizibe kwa karatasi ya gundi. Wateja wengi hufanya hivyo na hawatusaidii.

Baada ya hapo itabidi gari liletwe Gaborone. Samahani kuhusu muziki wa simu, wengi wameulalamikia.

Otsile Ramokate
Dawati la Waranti

*

Hukuntsi
17 Agosti 2016

Rra Ramokate,

Ahsante kwa kunijibu kwa karatasi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na sikuona kosa. Mwalimu anastaafu, mkono unakataa.

Haya, majibu yako. Begi, hapana. Mtoto, hapana. Chai, soda, maziwa, hapana. Hakuna kilichomwagika kwenye kile kiti.

Jaribio la mkanda nimelifanya. Nilinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, nikauvuta mkanda nikaufunga juu ya kiti kitupu. Taa ikazimika papo hapo. Nikaufungua upesi, ikarudi, na mimi roho ikarudi. Nikueleze ilivyo, Rra. Mume wangu Modiri hakuwahi kufunga mkanda hata siku moja. Aliendesha greda la serikali miaka thelathini, akiisawazisha barabara ya mchanga hapa mpaka Kang na kurudi, na siku aliyostaafu akasema hashiki usukani tena. "Nimeiendesha serikali," aliniambia, "sasa na mimi niendeshwe." Kwa hiyo dereva wa pikapu nilikuwa mimi, naye alikaa pale kushoto kama waziri. Nikimwambia baba funga mkanda, ananijibu, "Greda halina mkanda, na mimi nimeanguka lini?" Kengele ya gari ikianza kulia, yeye anaanza kuimba juu yake, ule wimbo wa kuwaita ng'ombe kisimani, mpaka kengele inachoka yenyewe.

Ndiyo maana sikupenda kuiona taa ikizimwa na mkanda. Haikuwa tabia yake.

Utauliza kwa nini ninyooshe mkono kutoka nyuma. Wewe ni wa hukuhuku, unajua. Mwenye nguo nyeusi za ujane hakai mbele ya gari, sembuse kuendesha. Lakini kukaa nyuma hakuna aliyenikataza. Mchana, kuku wakiwa wamelala kwenye mchanga wa kivuli, naingia nyuma, nanyoosha mkono nazungusha ufunguo, injini naiacha ilale. Taa zinawaka zote, zinazimika, inabaki ile moja. Nje mchanga mwekundu unacheza kwa joto mpaka nyumba ya jirani inaonekana imeinuka kidogo kutoka ardhini. Mimi abiria wa nyuma, yeye abiria wa mbele, dereva hakuna, na bado nahisi tunakwenda mahali. Betri imeshanifia mara kadhaa kwa mchezo huo. Shemeji Moagi huja kuniamshia kwa trekta lake bila kuuliza.

Sasa nikwambie kile nilichosema hakihusu gereji. Mkewe Moagi ni wifi yangu Gosego, dada wa marehemu, na katika mambo haya neno la mwisho ni lake. Mwezi uliopita alikuja tupange siku ya kunivua nguo nyeusi, maana mwaka umeshatimia. Alinikuta ndani ya gari. Akachungulia dirishani, akaiona taa, akaniuliza ile ni nini, nami kwa ujinga wangu wa ualimu nikamsomea kitabu chenu neno kwa neno.

"Mama yangu! Modiri yumo!"

Alikimbia hadi getini, mtu mwenye goti bovu. Tangu siku hiyo msimamo wake ni mmoja: taa ikiwaka, kaka yake hajaondoka, kaka yake asipoondoka, nguo hazivuliwi, na mwenye nguo nyeusi hakai mkekani siku bintiye anaposwa. Warona anapiga simu analia. Anasema kama mama hatakaa pale, basi waposaji wageuze njiani.

Boitshepo Seikaneng

*

Gaborone
24 Agosti 2016

Mma,

Nimeongea na fundi wetu wa umeme. Chini ya kitambaa cha kiti kuna mkeka mwembamba sana, unene wa karatasi mbili tatu, ambao kazi yake ni kuhisi uzito wa mtu. Ukiwa mzima na mkavu hausemi uongo. Ukilowa, unachanganyikiwa. Unahisi mtu wakati hakuna mtu.

Ndiyo maana narudia lile swali la kilichomwagika, na safari hii silirudii kwa niaba ya kampuni.

Baba yangu alipofariki kule Molepolole, tuliviosha vitu vyake vyote kwa maji ya majani ya dawa, kama inavyopasa. Tuliosha baiskeli, koti, kiti chake cha kukunja, tukaosha na redio. Redio haikuimba tena. Mama alisema baba ameichukua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi hapa na nilijua kabisa redio ilikufa kwa nini, lakini nani angemwambia mama?

Fomu yetu inauliza chai na soda. Haiulizi maji mengine, kwa sababu aliyeiandika hakuzaliwa huku. Mimi nimezaliwa huku, kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote. Mliliosha gari?

Naomba pia uache kukaa humo ukiwa umewasha swichi. Si kwa ajili ya betri tu. Mkeka ule ndio unaouambia mfuko wa hewa ufanye nini siku ya ajali, na mfuko ulioambiwa uongo ni hatari.

Otsile Ramokate

*

Hukuntsi
30 Agosti 2016

Rra Otsile,

Umenikamata. Tuliliosha.

Uliponiuliza kilichomwagika, mimi nilifikiria vikombe na chupa. Yale maji sikuyahesabu. Yalikuja na mzee wa dawa kwenye ndoo ya bati, yana majani yake, na Gosego mwenyewe ndiye aliyeyamimina pale alipokuwa akikaa kaka yake, huku akimwambia, "Shuka sasa, Modiri, shuka upumzike, safari yako imefika." Nilikuwa nimesimama pembeni nimefunikwa shuka. Mambo kama hayo hayaandikwi kwa gereji, au ndivyo nilivyodhani.

Sasa sikia ubaya wake. Barua yako imenikuta tumeshaosha mara ya pili. Gosego alisema mara ya kwanza maji yalikuwa machache, kaka yake alikuwa mtu mnene. Jumamosi iliyopita akamimina ndoo nzima. Nilimwambia, "Wifi, yatosha." Akanijibu, "Wewe nyamaza, ungekuwa unataka aondoke angekuwa ameshaondoka." Kila mtu uani akaangalia chini.

Tangu hapo taa haizimiki hata kwa mkanda, na kengele nayo imeanza kulia bila mwisho. Gosego anasema kaka yake amekasirika. Mimi nimejisemea moyoni, ingekuwa ni yeye angeimba.

Moagi ataleta gari Alhamisi. Mimi siji, nguo hizi haziniruhusu safari ndefu. Posa ni tarehe ishirini na nne na watu wa mchumba wameshachagua ng'ombe wao wa mahari. Nakuomba ufanye unaloweza.

Na ombi jingine, unaweza kulicheka. Mtakapokifungua kiti, kifungueni taratibu. Najua ni maji. Lakini ikiwa si maji, msimsukume.

Boitshepo

*

Gaborone
9 Septemba 2016

Mma Boitshepo,

Sikucheka. Tulikifungua taratibu.

Tumekitoa kiti chote tukakivua kitambaa, tukakiweka nyuma ya gereji juu ya makreti mawili, kikiangalia jua. Pale pana mjakaranda, na huu ndio wakati wake wa kumwaga maua. Kila asubuhi nakikuta kimejaa maua ya zambarau, nakifagia, mchana yanarudi. Wenzangu wakati wa chakula hukaa chini kabisa kuliko kukikalia. Fundi wa breki alipita karibu yake akakiamkia, kisha akajifanya alikuwa anakohoa. Nadhani Rra Moagi aliwasimulia.

Jana tulikirudisha kwa majaribio. Taa iliwaka na wenzake, ikazimika na wenzake. Mkeka ni mzima, haukufa, ulikuwa umelowa tu, na kifungio cha mkanda vilevile. Kwenye ripoti nimeandika "maji", kwa sababu maji yapo. Waranti haitalipa, na haina haja ya kulipa: hatukubadilisha kitu, na jua halituletei ankara. Gari litakuwa tayari kitambaa kikishashonwa.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini wewe umeniambia mambo mengi, nami sitaki kujifanya sikuona.

Sponji ya kiti ni kama daftari, kila kilichoingia kinaacha rangi yake. Chini kabisa nimekuta majani makavu ya kuosha kwa mara ya kwanza. Juu nimekuta majani mabichi ya Jumamosi ile. Katikati ya hayo, Mma, kuna chai ya maziwa. Siyo ya siku moja. Kwenye kitambaa kuna miduara ya kikombe, mmoja umepanda juu ya mwingine, na kuna sukari, maana sisimizi wa Hukuntsi wamesafiri na gari mpaka hapa.

Rra Moagi aliniambia jambo jingine wakati anasubiri basi. Alisema baada ya kuosha kwa mara ya kwanza taa iliwaka siku chache, kisha ikazimika yenyewe, naye akashukuru kimyakimya. Baadaye ikarudi, hajui kwa nini. Kiti kilichokauka hakilowi chenyewe.

Fomu haina nafasi ya swali hili na sitalijaza popote. Nani alikuwa akinywa chai kwenye kiti hicho?

Otsile

*

Hukuntsi
14 Septemba 2016

Mwanangu Otsile,

Nakuita mwanangu ili nisione haya.

Hakuna aliyekuwa akinywa. Nilikuwa nampelekea.

Taa ilipowaka mara ya kwanza niliogopa kama Gosego. Siku ya pili woga ukapungua. Siku ya tatu nilijikuta nimechana nywele kabla ya kwenda garini. Niliongea naye, nikamwambia bei za mbuzi, nikamwambia barabara yake imeachwa imejaa mawimbi, na kwamba Warona amepata mtu, mwalimu, mrefu, mpole. Halafu mchana mmoja nikazungusha ufunguo, taa zikawaka zote, zikazimika zote. Nikazungusha tena. Nikazungusha mpaka betri ikafa. Siku ya mazishi nililia kwa sababu watu walikuwepo. Siku ile nililia peke yangu, na ndipo nilipojua nimefiwa.

Jumapili yake nikachemsha chai ya watu wawili, mazoea tu. Yake nikaiweka kwenye kiti chake, sukari vijiko vitatu kama alivyotaka. Nilipojisogeza kikombe kikaegemea, chai kidogo ikaingia kitini. Nikazungusha ufunguo kuona kama nimeharibu kitu, taa ikabaki, na yeye huyo.

Nimefundisha sayansi darasa la sita, Otsile. Najua maji hufanya nini kwenye umeme. Nilijua tangu siku ile. Lakini nilijua kama mtu anavyojua anaota na hataki kuamka. Kila taa ilipofifia nilimpelekea chai. Nilijiambia kiti hakijamwagikiwa, maana mimi nilikuwa nampa kinywaji.

Kisha Gosego akaja siku ambayo sikumtarajia, akaiona. Kuanzia hapo nikakuandikia wewe. Mkono mmoja ulikuwa unakuomba uizime, mkono mwingine ulikuwa unamimina. Nimemkosea binti yangu. Alikuwa analia kwenye simu, nami nikamwambia tatizo ni la gereji.

Naomba mambo mawili. La kwanza, mwandikie Gosego kwamba ni maji, kwa muhuri, maana mimi haniamini. Chai usiitaje.

La pili ni gumu kuliandika. Huyo fundi wenu wa umeme anaweza kuweka kiswichi kidogo, mahali ambapo Gosego hatakiona, cha kuiwasha ile taa? Siyo kila siku. Jumapili tu. Nijibu upesi kabla sijajuta.

Boitshepo

*

Gaborone
17 Septemba 2016

Mama,

La kwanza nimelifanya, karatasi yake imo humu. Nimeigonga mihuri miwili.

La pili fundi analiweza, ni kazi ya dakika chache. Sikumwambia. Siku moja mjukuu wako atakaa kwenye kiti kile bila mkanda, taa itawaka kukuonya, na wewe utatabasamu udhani ni babu yake. Sitaki niwe nimesaidia hilo.

Lakini nikuambie kitu. Jana jioni, gereji ilipotulia, nilikaa kwenye kile kiti cha abiria, gari limesimama, nikazungusha ufunguo. Taa ikawaka kwa ajili yangu. Maua yalikuwa yanaanguka juu ya kioo moja moja. Nilikaa pale muda mrefu nikimkumbuka baba na redio yake, na laiti ningekuwa na kikombe cha chai ningekimwaga. Kisha nikafunga mkanda, ikazimika, nikaenda nyumbani kumpigia mama simu.

Rra Moagi anakuja kesho kulichukua gari. Usilipelekee chai tena. Kunywa mwenyewe, ikiwa ya moto.

Otsile

[Karatasi iliyoambatanishwa]

GEREJI YA MARULA, DAWATI LA WARANTI
KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA, NA HASA MMA GOSEGO WA HUKUNTSI

Gereji inathibitisha kwamba kiti cha abiria cha pikapu nyeupe ya familia ya Seikaneng kimefunguliwa na kukaguliwa juu, katikati na chini, mbele ya mafundi. Hakikukutwa na mtu yeyote, aliye hai wala marehemu. Kilichokutwa ni maji. Maji hayo yamekauka. Kiti kiko tayari kukaliwa.

*

Hukuntsi
2 Oktoba 2016

Mwanangu Otsile,

Waranti imekwisha juzi. Nilikaa garini siku hiyo kuiaga. Taa zote zilizimika, nami nikatoka nikaenda kuangalia kuku.

Karatasi yako Gosego aliisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, amesimama, miwani puani. Alipofika "aliye hai wala marehemu" akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza hukumu. Moagi akamwambia, "Lakini hiyo ni gereji tu, mke wangu, siyo serikali." Akamjibu, "Magari yanajulikana na nani, na serikali? Angalia muhuri! Angalia wa pili!" Wiki hiyohiyo nikavuliwa nguo nyeusi, zikachomwa. Nilikuwa nimezizoea. Mwili ulihisi baridi.

Waposaji walifika alfajiri na mablanketi yao mabegani. Nilikaa mkekani, gauni langu la bluu linanukia wanga wa kupigia pasi, na walipouliza kikombe cha maji walichokuja kuomba katika nyumba hii, yaani Warona, mimi ndiye niliyeitwa kusema kama kipo. Nilisema kipo. Warona aliinama asionekane anacheka na kulia. Nilimtazama nikafikiria jinsi nilivyokaribia kuwa mahali pengine saa ile, nyuma ya gari, na kikombe cha mtu mwingine. Nilimweleza jioni yake yote, chai na kila kitu. Akaniuliza, "Na baba alikubali kufunga mkanda?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi alikuwa yeye kweli." Tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Sasa sikia la jana, ndilo lililonifanya nikuandikie.

Gosego alitaka kwenda Kang kupima goti. Nikamwambia nitampeleka. Akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. "Wifi," nikamwambia, "nyuma nimekaa mimi mwaka mzima, pamenichosha kupaangalia. Njoo mbele." Akasimama pale mchangani na mkoba wake kifuani, mwanamke aliyemimina ndoo mbili bila kutetemeka. "Karatasi imesema kiko tayari kukaliwa," nikamkumbusha. Akaingia nusunusu, kama anaingia maji baridi.

Nikazungusha ufunguo. Zikawaka zote. Zikazimika zote, ikabaki moja.

Kengele ikaanza. Gosego akasema kwa sauti ndogo sana, "Modiri?"

Otsile, nakuambia kweli, na mimi niligeuka kuangalia.

"Ni wewe, wifi," nikamwambia. "Una uzito. Ni wewe tu."

Lakini alikuwa ameshafumba macho, na kwa woga wake akaanza kuimba. Aliimba ule wa kuwaita ng'ombe kisimani, juu ya kengele, kwa kupanda kulekule na kuvuta kulekule mwishoni, kama walivyofundishwa wote wawili na baba yao. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri kuisikia sauti hiyo kutoka kwenye kiti kile. Sikuwahi kufikiri kumkaribisha dada yake akae.

Nikamwacha aimbe kidogo. Kisha nikajinyoosha nikauvuta mkanda, nikamfunga. Taa ikazimika, kengele ikanyamaza. Yeye akaendelea kuimba mpaka Kang.

Mama yako wa Hukuntsi,
Boitshepo Seikaneng